Humu Duniani: Muundo wa Dunia za Mvungu katika Hadithi za Kisayansi, Ukitazamwa kutoka Mteremko wa Kilimanjaro

Zipo hadithi za kisayansi ambazo ndani yake wanadamu hawakai juu ya uso wa dunia, bali wamo tumboni mwa dunia iliyofanyizwa kwa mikono. Ganda lake ni la chuma au la mwamba. Ndani mna uwazi. Na katika uwazi huo mna mashamba, miji, bahari, na jua la kuwashwa na kuzimwa. Hadithi hizi zimehakikiwa kwa njia mbili. Wa kwanza huzipima kwa hesabu za mhandisi, wakiuliza kama ganda laweza kustahimili uzito wake. Wa pili hutazama mwenendo wa wahusika tu, wakalihesabu ganda kuwa ni pambo la jukwaa. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kuwa njia zote mbili hazitoshi, kwa sababu katika hadithi iliyo bora muundo wa dunia ndio unaotenda, na maana ya hadithi imo katika kuta, katika mlango, na katika mkono ulioshika jua na mvua. Yakusudia pia kuonyesha ya kuwa Kiswahili kina vyombo vyake vya kuyafikiria mambo haya, na ya kuwa Kilimanjaro na mteremko wake una mifano ya kuyapimia ambayo mhakiki wa Ulaya hanayo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1692 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alitoa rai ya kuwa dunia yetu ina maganda ndani ya ganda, ili apate kueleza mabadiliko ya dira za mabaharia. Mwaka 1864 Jules Verne aliwashusha wasafiri wake tumboni mwa dunia kwa njia ya mlima wa volkano. Lakini hizo zilikuwa dunia za mvungu zilizokutwa, si zilizotengenezwa. Geuko kubwa lilikuja mwaka 1929, J. D. Bernal alipowaza juu ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 16 hivi, likielea angani na watu elfu nyingi ndani yake. Katika miaka ya 1970 Gerard O'Neill wa chuo kikuu cha Princeton alichora mizinga ya kukaliwa na watu, mkubwa wake ukiwa na urefu wa kilomita 32 na kipenyo cha zaidi ya kilomita 6, ikizunguka ili wakaaji wapate uzito. Tangu hapo mwandishi wa hadithi amekuwa na dunia ambayo kila kilichomo kimewekwa na mtu kwa kusudi. Katika dunia ya namna hiyo hapana kilima kisicho na mwenye kukiamuru, wala mvua isiyo na aliyeiruhusu.

I. Neno na viambishi vyake

Tuanze na lugha. Mwanafunzi wa kwanza wa sarufi yetu ajua ya kuwa nomino yenye -ni ya mahali yaweza kufuatwa na upatanisho wa namna tatu. Twasema nyumbani hapa, nyumbani huku, na nyumbani humu, na kila kimoja chatoa picha yake: pa- ni mahali palipo wazi na kujulikana, ku- ni eneo au mwelekeo, mu- ni undani. Sasa na tutazame jinsi neno dunia linavyotumika. Lugha kadha za Ulaya humweka mwanadamu juu ya dunia, kama kikombe kilivyo juu ya meza. Mswahili husema bila kusita: humu duniani. Kwetu sisi dunia tangu zamani ni kitu ambacho watu wamo ndani yake.

Pengine patakuwa na mtu atakayesema ya kuwa hiyo ni sitiari iliyokwisha kufa, na ya kuwa msemaji hafikirii undani wowote. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama lugha ingekuwa na njia moja tu. Lakini msemaji bado ana hiari, na hiari hiyo ina maana. Mangi Petro Itosi Marealle alipoandika juu ya mila za watu wake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1947, alikiita Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera. Hakuandika humu, aliandika hapa. Sababu yaonekana: dunia imewekwa mkabala na ahera, na vitu viwili vinavyowekwa mkabala huonekana kama vituo viwili katika njia, kila kimoja pahali pake. Lau angetaka kusema juu ya mtu aliyezungukwa na dunia, aliyefungiwa na taabu zake, humu ingemfaa zaidi. Kwa hiyo uchaguzi wa kiambishi ni uchaguzi wa muundo wa ulimwengu, na mfasiri wa hadithi za dunia za mvungu ana kila siku la kuamua ambalo mwandishi wa Kiingereza hakupata hata kulifikiri.

Jambo la pili ni jina la kitu chenyewe. Shuleni tumezoea neno silinda, na kwa hesabu linatosha. Lakini silinda halina wakaaji. Lugha ina neno mzinga, yaani gogo lililochongwa likawa na uwazi ndani, likafungwa pande mbili, likatundikwa mtini ili nyuki waingie na kuishi. Hakuna neno jingine linalokusanya kwa pamoja umbo la mviringo mrefu, uwazi uliotengenezwa, na jamii iliyomo. Tena neno hili liko jirani na kitenzi zinga, chenye maana ya kuzunguka, na na mzingile, ambalo Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1991. Sidai ya kuwa ukoo wa maneno haya umekwisha kuthibitishwa. Nadai tu ya kuwa sikio la Mswahili huusikia. Basi napendekeza dunia-mzinga kwa dunia iliyotengenezwa na inayozunguka, na dunia-pango kwa ile iliyochimbwa tu. Atakayepinga kwa kuwa mzinga pia ni silaha akumbuke ya kuwa silaha ile ilipewa jina kwa sababu ya uwazi wake, si uwazi kwa sababu ya silaha.

II. Ukuta

Mfano ulio wazi kuliko yote wa dunia-mzinga ni Rendezvous with Rama, riwaya ya Arthur C. Clarke ya mwaka 1973. Rama ni mzinga wenye urefu wa kilomita 50 na upana wa kilomita 20, unaoingia katika milki ya jua letu bila mtu yeyote kuonekana ndani. Huzunguka mara moja kwa kila dakika 4, na kwa mzunguko huo mtu asimamaye upande wa ndani wa ganda hupata uzito uliozidi kidogo nusu ya uzito wake wa kawaida. Katikati mna bahari iliyozunguka ukuta wote kama pete kidoleni.

Wavumbuzi huingia kwa njia ya mhimili, mahali pasipo uzito, wakashuka ngazi ndefu; na kadiri wanavyoshuka ndivyo wanavyozidi kuwa wazito. Hapa muundo umekwisha kuanza kusema. Katika dunia-mzinga, juu ni katikati, na katikati ni pamoja kwa wote. Mtu akiinua macho haoni mbingu, bali aona ardhi ya upande wa pili. Mbingu ya mmoja ni shamba la mwenziwe. Mkaaji wa Moshi anayejua mji wake, ulio chini ya mita 1,000 juu ya bahari, atahisi mara moja tofauti. Kwake mwelekeo mkuu ni juu na chini: juu ni migombani na msituni, na mwisho Kibo, mita 5,895, chini ni tambarare yenye joto. Juu ya Kilimanjaro ni moja kwa watu wote, nayo haina mkaaji. Mteremko una kileleta kimoja cha kutazamwa; mzinga una nyuso zinazotazamana. Mwandishi anayeihamisha jamii kutoka mteremkoni kwenda mzingani hakuihamisha mahali tu, bali ameipokonya kileleta chake, akaipa majirani badala ya mlima.

Ustadi mkubwa wa Clarke umo katika magenge ya bahari ile. Genge la upande wa kaskazini lina kimo cha mita 50. La kusini mita 500. Msomaji aliambiwa mapema, wala hakuambiwa sababu. Sababu yapatikana kwa kufikiri: siku mzinga utakapoongeza mwendo, maji yote yatabaki nyuma na kupanda upande mmoja, na ukuta mrefu umejengwa kuyazuia. Kumbe dunia hii ni chombo cha safari, na ukuta ulikuwa ukitamka hivyo tangu siku ya kwanza. Huu ndio muundo unaotenda: ukuta umekuwa shahidi.

Lakini haki yataka tuseme na upungufu. Rama haina watu wake. Twaona ngazi bila nyayo na miji bila majina. Clarke ametupa sarufi kamili ya dunia-mzinga bila msemaji hata mmoja, na mwanaisimu ajua ya kuwa sarufi isiyo na wasemaji ni nusu ya lugha.

III. Mlango

Kama ukuta wasema dunia ni nini, mlango wasema dunia ni ya nani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, hasa upande wa Marangu na vijiji vya jirani, ziko hadi leo njia na vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi na Wachaga ili kujificha wakati wa vita. Karne ya kumi na tisa ilikuwa na vita vingi mlimani, enzi za akina Rindi wa Moshi, Sina wa Kibosho na Marealle wa Marangu, na ng'ombe walikuwa sehemu kubwa ya nyara. Charles Dundas aliyaeleza mahandaki haya katika kitabu chake juu ya mlima na watu wake, kilichotoka mwaka 1924. Waliyoyafanya wachimbaji hao ni dunia-pango kwa kila kipimo: mlikuwa na vyumba vya watu na vya mifugo, matundu ya hewa, na mlango mwembamba. Wenyeji wanaowatembeza wageni hueleza ya kuwa wembamba ule ulikuwa silaha, kwa maana adui alilazimika kuingia akiinama, mmoja mmoja, kichwa kikitangulia.

Tukipima hadithi za kisayansi kwa kipimo hiki twaona jambo ambalo mhandisi hakuliona. Mlango wa dunia-pango ya Mchaga ulitengenezwa kwa ajili ya kutoka. Watu waliingia ili siku moja watoke. Giza lilikuwa la muda, na kila aliyemo alijua ya kuwa nje kuna mgomba wake. Robert Heinlein, katika hadithi yake Universe ya mwaka 1941, alichora kinyume chake: chombo kikubwa kiendacho nyota za mbali, ambamo vizazi vimepita hata wakaaji wamesahau ya kuwa wamo chomboni. Kwao neno la chombo limegeuka kuwa neno la ulimwengu, na habari za safari zimekuwa mafumbo ya dini. Mwanaisimu hana budi kuusifu uangalifu huu. Mlango uliosahauliwa hubadili kwanza maana ya maneno, kisha hubadili watu. Maneno nje na ndani yanaposhindwa kutenganishwa, kiambishi mu- kimepoteza wenziwe wawili, na lugha imekuwa gereza bila mlinzi.

Fasihi yetu yenyewe ilikwisha kuligusa jambo hili kabla ya msamiati wa sayansi kufika. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi iliyo angani. Wahakiki wamezoea kukisoma kama fumbo la utawala, na hivyo ndivyo kilivyo. Lakini tukikisoma kwa muundo, twaona ya kuwa Karama, akijitetea mbele ya mashtaka ya Majivuno, ahadithia juu ya wajumbe sita waliotumwa pande sita: nne za dunia, na juu, na chini. Pande sita ndizo kuta zote za chumba. Kila mjumbe alirudi na habari yenye faida, na kila mmoja alilipwa kwa adhabu. Nchi ile haikujengwa kwa chuma, lakini ina mlango unaofunguka kwa kutoka na kufungwa kwa maarifa. Katama Mkangi katika Walenisi, mwaka 1995, aligeuza mlango huo tena: Dzombo amehukumiwa na kutiwa katika chombo ili aangamie, na chombo cha adhabu kikawa njia ya kufikia jamii iliyo bora, ambayo jina lake likikatwa husomeka "wale ni sisi". Waandishi hawa wawili hawakuhesabu kipenyo wala mzunguko. Hata hivyo walielewa mlango kuliko wengi waliohesabu.

IV. Mvua

Swali la tatu ni zito kuliko yote: nani ameshika jua na mvua? Hapa mfano wetu hauna budi kuwa kazi ya Mike Resnick, mwandishi wa Marekani, kwa kuwa ametumia majina ya milima yetu. Hadithi zake za Kirinyaga zilianza kutoka mwaka 1988 zikakusanywa kitabuni mwaka 1998. Mwaka 2008 akatoa Kilimanjaro, hadithi ndefu inayosimuliwa na mwanahistoria wa Kimaasai, ambaye watu wake wanajaribu kusimamisha jamii njema katika dunia ya kutengenezwa huku wakijifunza kwa makosa ya Wakikuyu waliowatangulia. Kwa ukali wa maneno dunia hizi si za mvungu. Watu hukaa juu ya uso wake. Lakini kwa kazi yake ni ndani tupu: zimetengwa, zimepewa mkataba, na tabianchi yake yaongozwa na wengine.

Katika Kirinyaga mundumugu Koriba, aliyesoma ng'ambo, anayo kompyuta katika boma lake. Kwa hiyo huwaomba wasimamizi walio nje wageuze njia ya dunia yake angani, nao hugeuza, na mvua hunyesha au hukatika. Wanakijiji hudhani ya kuwa ni uganga. Katika mojawapo ya hadithi hizo huwanyima mvua ili kuwarudisha chini ya amri yake. Resnick amefanya hapa jambo la nguvu: amemwonyesha mtetezi wa mila ambaye mila yake yote imening'inia kwenye uzi wa mashine asiyoitaja mbele ya watu. Sifa hii hatuwezi kumnyima.

Lakini tuweke kando ya hadithi hiyo mifongo ya Kilimanjaro. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na ukoo au kijiji, ukayatoa maji korongoni na kuyapitisha kwa werevu mkubwa ubavuni mwa mlima hata vihambani. Hii nayo ni tabianchi ya kutengenezwa. Migomba mingi ilistawi si kwa mvua peke yake, bali kwa maji yaliyoletwa na jembe. Tofauti yake na Kirinyaga ni hii: mfongo waonekana. Kila mtu ajua maji yatokapo, zamu ni ya nani, na nani hakufika siku ya msaragambo wa kuuzibua. Sisemi ya kuwa palikuwa pepo. Ugomvi wa maji ulikuwapo, na mamangi walikuwa na amri yao, na mahandaki tuliyoyataja ni ushahidi ya kuwa majirani hawakupendana sikuzote. Nasema tu ya kuwa jamii iliyotengeneza maji yake kwa jembe haikuhitaji kudanganywa juu ya chanzo chake ili ibaki jamii.

Hapa ndipo Resnick anapopungukiwa. Hadithi zake zajengwa juu ya dhana ya kuwa mila na mitambo ni maadui, na ya kuwa mila haiwezi kuishi ila mtambo ufichwe. Mlima wenyewe wakanusha. Mchaga wa mifongo alikuwa mhandisi ndani ya mila yake, si kinyume chake. Tena mlima huu haujapata kuwa wa kabila moja lililotengwa. Wachaga wa migombani na Wamaasai wa tambarare waliuziana na kupigana, na mwenye kihamba juu alikuwa na shamba la nafaka chini. Mwandishi amelichukua jina la mlima akaliweka juu ya wazo la utengano, na jina hilo limekataa kukaa.

V. Neno la mwisho

Twaweza sasa kukusanya maneno. Mhakiki anayekutana na dunia ya mvungu na aulize mambo matatu. Je, ukuta watenda kazi katika kisa, au umesimama tu? Je, mlango umefanywa kwa kuingia, kwa kutoka, au kwa kusahauliwa? Je, wakaaji wanajua mkono ulioshika mvua yao? Clarke ameshinda katika la kwanza akanyamaza katika mengine. Heinlein na Shaaban Robert, kila mmoja kwa njia yake, wameshinda katika la pili. Resnick ameliuliza la tatu kwa ujasiri, lakini jibu lake ni jembamba kuliko mlima alioukopa.

Maswali haya si mchezo wa wasomi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa juu ya Kibo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kabla ya mwaka 2010, wala sababu zake hazikuanzia mteremkoni peke yake. Watu wa Kilimanjaro nao wamo ndani ya dunia ambayo sehemu ya hali yake ya hewa yaamuliwa na wasiowaona. Kwa hiyo wafasiri na waandishi wetu wasingoje istilahi kutoka ng'ambo. Waseme katika Rama mna bahari, wala si kuna. Waandike mzinga panapofaa mzinga. Na wanapochagua baina ya hapa, huku na humu, wakumbuke ya kuwa wanachora ukuta na kukata mlango. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kuishi ndani ya dunia. Sarufi yake imemweka humo siku zote. Kazi ya fasihi hii ni kumfanya aulize nani aliyezijenga kuta.